Matundu Saba Chini ya Debe

Mwabungo,
14 Novemba 1964

Mpwa wangu Sefu,

Salamu zikufikie huko uliko, jua likikuachia nafasi ya kuzisoma. Sisi hapa wazima, alhamdulillahi. Mamako Mwanasha mguu wake umepona na ameanza tena kugombana na kuku wa jirani. Ule mnazi ulioegemea choo umeanguka, na kwa bahati mbaya haukuangukia choo, maana mimi nilikuwa nataka sababu ya kujenga kingine. Mvua ya vuli imepita kwa mbali, lakini wewe wajua kwamba kwetu mvua si kitu cha kumkosesha mtu usingizi. Tuna kisima.

Barua yako niliipata. Niliisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti pale barazani, ili wazee nao wapate cha kucheka. Unasema huko Ndavaya, ambako serikali imekupeleka kufunga watu vidonda kwenye zahanati, hakuna mboga ya kununua. Kwa hiyo umekusanya madebe arobaini ya mafuta na mapipa sita ya lami yaliyoachwa na watu wa barabara, ukayajaza udongo, ukayapanga uani na kupanda mchicha, bamia, nyanya na ule mtsunga mchungu. Uhuru tumepata, wenzio wanagawiwa mashamba, na mpwa wangu mimi amegawiwa debe.

Mboga hupandwa ardhini, Sefu. Mola ameiumba ardhi pana, wewe umeiona haikutoshi, ukaichota ukaitia kwenye bati. Bibi yako alilima mchicha nyuma ya kisima hiki na hakuumwagilia kwa kikombe kama mtu anayemnywesha mgonjwa. Wewe waandika bila haya kwamba mboga zako zinakunywa maji yaliyokwisha kunawiwa mikono na kuoshewa mchele. Yaani zinakula makombo. Na adhuhuri mnayasogeza madebe kwenye kivuli cha ukuta, jioni mnayarudisha. Nimeishi miaka mingi, sijapata kuona bustani inayochungwa.

Ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno. Chungu huyo ni wewe.

Kuhusu lile jambo la pili uliloliandika mwishoni, macho yangu siku hizi hayaoni vizuri herufi ndogo. Sikulisoma.

Mimi mjomba wako,
Mwinyihamisi


Ndavaya,
20 Desemba 1964

Mjomba wangu Mwinyihamisi,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mguu wa mama umepona, nimesikitika kusikia habari za macho yako. Wazee wa barazani nawasalimu wote, nao waniambie walicheka wapi zaidi, nipate kuongeza. Mimi sijambo. Zahanati imejaa watoto wenye macho mekundu kwa vumbi, na jua hili halina adabu, lakini nakula vizuri. Jana nilikula bamia.

Kwa kuwa herufi ndogo zinakusumbua, nimeikata kalamu upya. NATAKA KUMUOA KANZE BINTI ZIRO WA HAPA NDAVAYA. Natumaini sasa inaonekana, hata kutoka barazani.

Huyo Kanze ndiye mwenye bustani. Mimi nilikuwa na madebe tu, na ujinga niliokuja nao kutoka Mwabungo, wa kumwaga maji mpaka udongo ulie. Yeye alinifundisha kutia kokoto chini, halafu udongo uliochanganywa na samadi ya mbuzi, na juu yake majani makavu ili jua lisikombe unyevu. Katikati ya kila pipa amefukia mtungi mkongwe usiopakwa kitu. Tunaujaza maji mara moja kwa siku tatu, nao unayatoa jasho polepole mizizi ikanywa. Debe moja la maji latosha kwa mapipa mawili. Najua wewe debe moja huliona dogo hata la kutawadhia.

Baba yake hakunikatalia, mjomba. Kanze mwenyewe amekubali kusilimu, na mke wa mwenye duka anamfundisha Fatiha. Lakini Mzee Ziro ametoa neno moja: hamtoi binti yake mpaka mjomba wa kijana aje mwenyewe, aketi kwenye kigoda chake, aseme kwa mdomo wake. Si mjumbe, si barua. Nami sikuweza kubishana, maana ndiyo mila yetu Wadigo pia, kwamba mwenye neno juu yangu ni wewe ndugu wa mama yangu. Nilipolitaja jina lako alicheka kidogo. Akaniuliza kama kile kisima chenu cha Mwabungo bado kina foleni yake. Sikumwelewa.

Atangoja mpaka vuli ijayo. Mvua ikianza kunyesha bila wewe kufika, yupo mtu wa Samburu mwenye ng'ombe wengi kuliko meno yangu.

Nakuletea kwa Tembo, dereva wa lori la ngozi, madebe matatu yenye miche: nyanya, bamia na mchicha. Kanze ameyaandaa kwa mikono yake. Uyaweke tu uani, uyaangalie, kisha ucheke.

Mpwa wako,
Sefu


Mwabungo,
2 Februari 1965

Mpwa wangu Sefu,

Hatujambo kwa uwezo wa Mungu. Mamako ameyaona madebe yako akalia, sijui kwa furaha au kwa aibu. Hapa watu wanapima ardhi upande wa Diani. Kuna tajiri mmoja anajenga nyumba ya wageni na ameleta mashine ya kuvuta maji inayokohoa mchana kutwa. Watu wanakwenda kuitazama. Mimi sikwenda.

Tembo alifika na zawadi yako, na lori lake likiwa limechafuka kwa sababu madebe yalivuja njia nzima. Nilipoyapindua nikaona kitu ambacho sikutaka jirani akione. Matundu. Matundu saba chini ya kila debe, yametobolewa kwa msumari, tena yamepangwa vizuri, kana kwamba mtu alidhani anafanya la maana. Sefu, mjomba wako ni maskini, lakini nyumba hii haijapata kuweka debe linalovuja hata siku moja. Bibi yako alikuwa akisema, mke hujulikana kwa debe lake. Huyo binti wako ametuletea takataka za zahanati, na wewe ukaziita bustani.

Sikutaka kuwaaibisha. Niliyapeleka yote matatu kwa fundi wa bati Ukunda, akayatia lehemu matundu yote ishirini na moja, barabara kabisa, hayatoi tone. Kisha nikarudisha udongo na miche, nikaimwagilia vizuri kwa maji ya kisima, kwa ndoo, kama watu. Sasa inajua imefika kwa waungwana.

Huyo Ziro simjui. Foleni gani? Mambo ya watu wa nyika ni mengi, na mimi siwezi kupanda lori la ngozi kwenda kuketi kwenye kigoda cha kila mtu anayecheka akisikia jina langu. Wasichana wako wengi hapa Mwabungo, na madebe yao hayana matundu.

Mjomba wako,
Mwinyihamisi


Ndavaya,
28 Machi 1965

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imenifikia jana, Tembo aliisahau chini ya kiti kwa wiki saba akaikuta alipokuwa anatafuta kiatu. Natumaini hamjambo nyote. Sisi hapa tumeanza kupokea mahindi ya njano ya msaada. Watu wanayala huku wamefumba macho.

Niliposoma habari ya lehemu nilikaa chini. Kisha nikaenda kumsomea Kanze. Hakucheka, mjomba, na hilo ndilo lililonichoma. Aliuliza tu, "Yule mzee hana mtu wa kumuuliza?"

Basi mimi nakueleza, ingawa najua nimechelewa. Yale matundu ndiyo pumzi ya debe. Maji yaliyozidi hushuka, yakatoka, mizizi ikapata hewa. Ukiyaziba, umeitia miche ndani ya kisima na kuifunika. Sasa hivi nyanya ile imekuwa ya manjano chini, bamia imelala, na mchicha unanuka. Sivyo? Ulimlipa fundi ili aiue bustani, tena ukasimama pale kumhimiza. Watu wa nyika ni wajinga sana, lakini kosa hili hawangeliweza. Linahitaji mtu aliyekulia kwenye maji mengi.

Tembo ameniambia jambo jingine. Ati pale kwenu wanawake siku hizi wanakwenda kuteka kwa majirani wa upande wa juu, akiwamo mama yangu. Nauliza kwa heshima zote: kisima kina nini?

Na kuhusu Mzee Ziro, umeandika kwamba humjui. Nimemwambia. Akasema, "Sawa, mwambie mimi namjua." Zaidi ya hapo hataki kusema.

Mpwa wako,
Sefu


Mwabungo,
10 Juni 1965

Sefu,

Wazima. Mvua za mwaka zimekuwa chache, lakini zimekuwa.

Miche yako imekufa. Ilikuwa dhaifu tangu ilipofika. Mboga ya nyika haiwezi hewa ya pwani, na nilikwambia.

Kisima hakijambo, ahsante. Mamako anakwenda kuteka kwa majirani kwa kupenda mazungumzo, wewe humjui? Siku hizi analalamika kwamba chai hainogi. Nimemwambia ni majani ya chai, tangu uhuru wanatuuzia vumbi. Mchicha wa nyuma ya kisima nimeupumzisha mwaka huu. Ardhi nayo huchoka.

Usiniulize tena habari za kisima changu. Funga vidonda vya watu, ndiyo kazi uliyoajiriwa.

Mwinyihamisi


Ndavaya,
22 Agosti 1965

Mjomba wangu,

Shikamoo. Salamu nyingi kwa mama. Sitauliza hali zenu, maana nimezipata ndani ya chupa.

Mama alimpa Tembo chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi la mahindi, ndani yake maji, bila barua. Mama hajui kuandika, lakini mara hii ameandika kuliko sisi sote. Niliyaonja. Kisha nikayachemsha kwenye kile chombo cha kuchemshia sindano mpaka yakakauka, nacho kikabaki na duara nyeupe kama kisahani cha chumvi. Kisima cha babu kimeingia bahari, mjomba. Kimeingia kitambo, na wewe umekaa barazani unawasomea wazee barua za madebe yangu, huku unakunywa chai ya chumvi na kulaumu majani.

Mcheka kilema hafi hakijamfika. Nisamehe, methali hii nilifundishwa na wewe, tena kwa fimbo.

Kanze anasema ile mashine ya jirani yenu ikivuta maji matamu, ya chumvi huja kuchukua nafasi. Yeye hajaiona bahari hata siku moja. Anasema msipambane na kisima, mtapoteza. Mvua ikija, tegeni ya paa. Paa la makuti halitoshi, muezeke bati hata upande mmoja, chini muweke mapipa. Maji hayo ni ya kunywa. Yaliyokwisha kuoshea ndiyo ya mboga. Madebe ishirini yatawalisha mama na wewe, na udongo wake msiuchote karibu na kisima kile, uchukueni kule juu kwenye mikorosho. Ameniagiza nikuandikie haya yote pamoja na kwamba unamkataa. Mimi nisingalikuandikia.

Sasa langu. Mtu wa Samburu ameleta mbuzi wawili, Mzee Ziro amewafunga kwenye mti lakini hajawachinja. Vuli haiko mbali. Nimempenda Kanze, mjomba. Nimelisema mara moja kwa herufi ndogo, mara moja kwa herufi kubwa, na hii ya tatu nalisema kwa herufi za kawaida. Usipokuja, sitaoa mtu mwingine wa kukufurahisha wewe, na shughuli yoyote itakayokuwa kwenye nyumba yako wasiniwekee mkeka. Sitakuandikia tena juu ya jambo hili.

Sefu


Mwabungo,
17 Oktoba 1965

Mpwa wangu Sefu, na wewe Kanze, maana najua barua zangu unasomewa,

Nawasalimu. Mamako ni mzima na haongei nami, kwa hiyo nyumba ina utulivu. Kuku wa jirani wamekufa, hana wa kugombana naye isipokuwa mimi, na mimi ameniona sistahili.

Nilikwenda Ukunda kwa yule fundi na yale madebe matatu. Nikamwambia ayatoboe. Akaniuliza mara mbili kama naumwa. Nikamwambia ayatoboe, akasema, "Mzee Mwinyihamisi, mwezi wa kwanza ulinisimamia nizibe, ukanirudisha kwa tundu moja lililotoa chozi." Alikuwa anasema kwa sauti ya mnada. Nikayachukua madebe yangu nikarudi nayo. Nimekaa kizingitini mchana, msumari mkono huu, jiwe mkono huu, kila anayepita ananiona. Matundu saba kila moja. Wazee wa barazani wamecheka mpaka mmoja amepaliwa. Niliwaacha, ni haki yao, niliwafundisha mwenyewe. Udongo nimeutoa kwenye mikorosho. Mchicha umeota, mwembamba, lakini umeota.

Binti, uliuliza kama sina mtu wa kumuuliza. Sikuwa naye. Mtu mwenye maji hamuulizi mtu.

Sasa sikilizeni, nami naandika mara moja tu.

Mwaka wa njaa ile kubwa nilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa. Marehemu baba alinipa kazi ya kusimamia kisima. Watu wa nyika waliteremka mpaka hapa na vibuyu vyao, miguu imepasuka, wakaomba maji. Baba alisema wapeni. Mimi nikaona ukubwa umenijia. Nikawaambia wangoje kwanza wenyeji wamalize. Na wenyeji hawakumaliza, Sefu, nilihakikisha hawamalizi. Nilimwambia dada yangu Mwanasha ateke, arudi ateke tena, afue nguo zilizokwisha kufuliwa, amwagilie mchicha ambao ulikuwa umeloa. Mamako alikuwa mtoto, alifanya aliloambiwa. Wale watu wakatazama maji yanamwagwa kwenye mboga.

Alikuwako kijana wa rika langu, amembeba dada yake mdogo mgongoni. Nilimuuliza jina nipate kulichezea. Akasema Ziro wa Mwero. Alikaa kwenye jua tangu asubuhi mpaka alasiri bila kuniomba tena. Alasiri baba alirudi, akanipiga kofi, akawatekea mwenyewe. Yule mtoto wakati ule alikuwa amenyamaza. Sijui kama alilala tu. Sikuuliza. Miaka yote hii sijauliza.

Ulipoliandika jina lile mwishoni mwa barua yako ya kwanza, kwa herufi ndogo, macho yangu yaliliona vizuri sana.

Sikumkataa huyu binti kwa sababu ya nyika, wala dini, wala debe. Nilikuwa naona haya kuketi kwenye kigoda kile. Kucheka kulikuwa rahisi zaidi, na nimecheka mwaka mzima. Mungu naye amenitilia chumvi kwenye kisima, kwa kuwa alinijua kwamba kwa methali sisikii.

Nitakuja Alhamisi na lori la Tembo, juu ya ngozi, ninuke ninavyonuka. Mamako anakuja pia. Hilo ndilo neno pekee aliloniambia wiki hii. Msiniwekee mkeka wa heshima. Mwambieni Mzee Ziro kwamba njia ni ndefu na nitafika na kiu, maana maji ya kwetu siwezi kuyanywa tena. Nitamwomba maji kabla ya kumwomba binti.

Akiniambia ningoje wenyeji wamalize, nitangoja.

Mjomba wako,
Mwinyihamisi